Maswali ya Wasomaji: Hewa Inayovuja Kati ya Mtungi wa Kuzamia na Regulata

Safari hii tunajibu barua tatu ambazo, ingawa zimeandikwa na watu wasiofahamiana, zinauliza jambo moja kwa njia tatu: hewa inavujia wapi, kwenye mtungi wa kuzamia au kwenye regulata, yaani kile kifaa kinachofungwa kwenye valvu ya mtungi ili kumpa mzamiaji hewa mdomoni kwa shinikizo analoweza kuvuta. Wawili kati ya walioandika wanaishi Moshi na mmoja anaishi Arusha, mbali na bahari, mahali ambapo mzamiaji hana duka la vifaa vyake mtaani wala jirani wa kumwomba ushauri. Kwa sababu hiyo nimeona nijibu barua ya kwanza kwa urefu, na mbili zinazofuata nizijibu kwa kadiri zinavyoongeza yale ambayo ya kwanza haikuyagusa.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni kijana wa hapa Moshi. Nilijifunza kuzamia nilipokuwa kazini Unguja, na niliporudi nyumbani nilinunua mtungi wa alumini wa lita 11 pamoja na regulata ya klampu, ile inayobanwa kwenye valvu kwa skrubu, vyote vikiwa vimeshatumika. Mwezi uliopita mimi na mwenzangu tulikwenda Ziwa Chala kwa kupitia Himo, tukashuka na vifaa kwa ile njia ya miguu yenye mawe hadi majini. Nilipofunga regulata na kufungua valvu, hewa ilianza kutoka kwa mlio mkali pale regulata inapokutana na mtungi. Nilifunga valvu, nikakaza skrubu ya klampu, nikafungua tena. Mlio ukapungua lakini haukuisha. Mwenzangu alishauri tukaze kwa koleo, mimi nikaogopa, tukaahirisha na kurudi. Kesho yake nyumbani nilifunga regulata ile ile kwenye mtungi ule ule, na haikuvuja hata kidogo. Je, ubovu uko kwenye mtungi, kwenye valvu au kwenye regulata? Na je, ningekaza zaidi ingefaa? – Msomaji wa Majengo, Moshi.

JIBU: Ndugu msomaji, uliahirisha kuzamia, na hapo ulifanya jambo ambalo wazamiaji wenye uzoefu mkubwa kuliko wako hushindwa kulifanya wakishasafiri nusu siku na kuteremsha mtungi mabegani. Nitaanza na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lenye hatari. Usikaze zaidi, na koleo lisiguse kabisa skrubu ile, leo wala siku nyingine.

Watu wengi hudhani kwamba kinachoizuia hewa isitoke ni nguvu ya skrubu, kama kizibo kinavyoziba chupa. Kinachoizuia ni oringi, yaani ule mpira mwembamba wa duara unaokaa ndani ya mfereji kwenye uso wa valvu. Kitu alichopewa hataza huko Marekani mwaka 1939 Niels Christensen, fundi mzaliwa wa Denmark, kilikuwa hicho hicho: pete ya mpira ndani ya mfereji wenye vipimo vyake. Hewa inapoingia, shinikizo lake lenyewe huusukuma mpira upande wa nje wa mfereji na kuubana kwenye uso wa regulata, na kadiri shinikizo linavyopanda ndivyo mpira unavyozidi kujibana. Klampu ina kazi moja tu, nayo ni kuishika regulata isirudi nyuma ili mpira usipate upenyo wa kuchomoka. Ndiyo maana regulata iliyo nzima, juu ya oringi iliyo nzima, hufungwa kwa vidole na inatosha. Chuma kikishakutana na chuma, kila unachoongeza hakiendi kwenye mpira. Kinaishia kuipinda klampu na kuchimba kishimo nyuma ya valvu.

Usidharau nguvu iliyomo humo. Mtungi wenye shinikizo la bar 200 husukuma kila sentimita moja ya mraba ya uso ule kwa nguvu inayokaribia kilo 200, sawa na kuiwekea magunia mawili ya mahindi. Mtungi wa gesi ya jikoni, ambao sote tumezoea kuupaka povu la sabuni tunapobadilisha, kwa kawaida haufiki bar 10. Povu la sabuni unaweza kulitumia hata kwenye mtungi wako, lakini usitumie kidole kutafuta mahali panapovuja, kwa sababu hewa yenye shinikizo kubwa ikipita kwenye tundu dogo inaweza kupenya ngozi na kuingia mwilini. Vilevile usijaribu kulegeza klampu regulata ikiwa bado ina hewa. Funga valvu, bonyeza kitufe cha kwenye kidomo unachopumulia mpaka sindano ya geji ya shinikizo ishuke hadi sifuri, kisha ndipo ulegeze.

Nilipokuwa fundi wa vifaa hivi pwani, niliwahi kuletewa regulata na mzamiaji aliyekuwa ameikaza kwa spana ili kunyamazisha mvujo mdogo. Ilinyamaza ufukweni. Akiwa ameshakaa ukingoni mwa mashua na mtungi mgongoni, oringi ilichomoka kwa kishindo kilichowafanya watu wote mashuani wadhani kwamba mtungi umepasuka, na hewa yote ikatoka ndani ya dakika chache. Mpira ulikuwa umeshakatika kabla hajaukaza. Spana iliusogeza tu ukaziba kwa muda. Ninalisimulia kwa sababu lingetokea dakika kumi baadaye, lingetokea chini ya maji.

Sasa tuutafute ubovu wako ulipo. Njia ya kwanza haihitaji kifaa chochote. Funga regulata nyumbani, elekeza uso wa geji mbali nawe na mbali na mtu mwingine, fungua valvu polepole, soma geji, kisha ufunge valvu na usiivute hewa kabisa. Angalia sindano kwa dakika kumi. Hewa iliyobaki ndani ya regulata na mipira yake ya kupitishia hewa ni kidogo sana, hivyo hata mvujo ambao sikio haliusikii utaishusha sindano mbele ya macho yako. Ikishuka, hewa inatoka mahali fulani baada ya valvu: kwenye oringi, kwenye mwili wa regulata, kwenye mipira au kwenye geji. Isiposhuka, na hata hivyo mtungi ukawa unapungua siku hadi siku, basi tatizo ni la mtungi au la valvu, na regulata haina kosa.

Njia ya pili ni maji. Valvu ikiwa wazi, zamisha sehemu yote ya juu ndani ya ndoo kubwa au pipa, subiri viputo vilivyonaswa kwenye pembe za chuma viishe, kisha utazame vinatoka wapi. Viputo vinavyozunguka mahali regulata inapogusana na valvu ni vya oringi ile niliyoieleza. Viputo vinavyotoka chini ya kitasa cha kufungulia, ambavyo hukoma valvu ikifungwa, ni vya mpira au washa za mhimili wa kitasa. Vinavyotoka shingoni, mahali valvu ilipoingia kwenye mtungi, havijali kama valvu imefungwa au imefunguliwa, na kwa habari ya hivyo nitasema jambo kali kidogo katika barua ya pili. Ukiona viputo vyembamba kama uzi pale geji inapozungukia kwenye mpira wake wa kupitishia hewa, ndani yake mna kipini kidogo chenye oringi mbili ndogo zilizochakaa. Vikitoka kwenye matundu ya mwili wa regulata yenyewe, au kidomo kikianza kutiririsha hewa chenyewe nusu dakika baada ya kufungua valvu, hiyo ni kazi ya fundi aliyefunzwa aina hiyo ya regulata, wala usiifungue kwa spana za baiskeli.

Wewe lakini umesikia mlio pale pale panapokutana, ukapungua ulipokaza, na ukatoweka nyumbani. Mfuatano huo unasema mengi. Ufa kwenye chuma haufungi wenyewe usiku mmoja. Linalonijia kwanza ni vumbi. Barabara ya kutoka Himo na ile njia ya kuteremkia Chala, ambako kuta za kreta zimesimama wima kiasi kwamba kila hatua inaangusha changarawe, ni mahali ambapo valvu isiyo na kifuniko haiwezi kufika ikiwa safi. Punje moja ya mchanga wa volkano ikilala juu ya mpira, uso wa regulata hauukuti mpira pande zote, na hewa hupita kando ya punje hiyo. Ulipokaza ulizidi kuididimiza punje ndani ya mpira, na mvujo ukapungua. Ulipofungua ili urudi nyumbani, punje ikaanguka. Kwa hiyo kila mara kabla ya kufunga regulata, elekeza mdomo wa valvu mahali pasipo na mtu, ufungue kidogo sana kwa sekunde moja ili hewa ipeperushe vumbi na tone la maji, kisha upanguse uso wa regulata kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Mtungi ukishajazwa, ziba mdomo wa valvu kwa kifuniko chake au kwa utepe wa gundi, na usiuondoe mpaka uko tayari kufunga regulata.

Lipo jambo la pili linaloweza kuleta dalili hizo hizo, nalo ni regulata kukaa upande. Mtu aliyechoka, akiwa amesimama juu ya jiwe na mtungi umeegemea goti lake, hufunga klampu huku uzito wa mipira ya hewa ukiivuta chini, na ncha ya skrubu haiingii katikati ya kishimo chake nyuma ya valvu. Chuma kinakutana na chuma upande mmoja na upande wa pili kuna upenyo. Nyumbani, mtungi ukiwa umesimama sakafuni, ulifunga vizuri bila kujua kwamba ulibadilisha kitu. Shika regulata kwa mkono wa kushoto ikae sawasawa huku mkono wa kulia ukiizungusha skrubu.

Hata kama maelezo hayo mawili yanatosha, badilisha oringi. Umenunua vifaa vilivyotumika na huna njia ya kujua umri wa mpira ule, na bei yake si kitu ukiilinganisha na safari moja ya Chala. Itoe kwa kijiti cha mbao au cha plastiki, kamwe usitumie sindano au bisibisi, kwa kuwa mkwaruzo mmoja chini ya mfereji utavuja maisha yote ya valvu hiyo. Inyooshe kati ya vidole chini ya mwanga: mpira uliozeeka una nyufa ndogo, umepoteza umbo la duara na kuwa bapa upande mmoja, au umekauka hata haurudi haraka ukiuminya. Mpira wa namna hiyo mara nyingi huvuja shinikizo likiwa dogo, kisha hunyamaza likipanda na kuusukuma, na mzamiaji hudhani umepona.

Unaweza kununua oringi kwenye maduka ya sili za haidroliki yanayowahudumia mafundi wa malori na matrekta, mradi uende na ile ya zamani na kipimo mkononi. Valvu nyingi za klampu hutumia ukubwa ambao katika viwango vya Kimarekani huitwa namba 014, wenye kipenyo cha ndani cha milimita 12.42 na unene wa milimita 1.78, ila zipo valvu zenye ukubwa tofauti, kwa hiyo usiniamini mimi kuliko kipimo chako. Muuzaji atakupa ya milimita 12 kwa 2 na kusema ni ile ile. Si ile ile, kwa sababu hata tofauti hiyo ndogo inatosha kuufanya mpira usikae vizuri kwenye mfereji. Omba mpira wa naitraili wenye ugumu wa 90 katika kipimo cha Shore A kuliko ule laini wa 70, kwa kuwa mpira laini huchomoka upesi kwenye upenyo. Nunua kumi, uweke mbili kila mara ndani ya mfuko wako wa vifaa.

Chunguza pia chuma. Pitisha ukucha kwenye uso wa valvu na kwenye uso wa regulata unaougusa mpira, ukihisi kama kuna kishimo, chumvi iliyoganda au rangi ya kijani ya kutu ya shaba, kwani vifaa vilivyotumika Unguja vimekaa kwenye maji ya chumvi na huenda havikusuuzwa vizuri. Kama valvu yako ni ya aina mbili kwa moja, ile yenye kipande cha duara katikati kinachofunguliwa kwa spana ya pembe sita yenye umbo la L, basi kumbuka kwamba ina oringi mbili, moja mbele unayoiona na nyingine nyuma ya kipande hicho usiyoiona. Wengi hubadilisha ya mbele mara tatu na kulalamika kwamba oringi za dukani ni mbovu, kumbe hewa inapita nyuma. Kipande hicho hukazwa kikiwa hakina shinikizo, kwa mkono wa wastani, wala hakihitaji ubabe.

Na kwa sababu uliteremka kwenye mawe, itazame valvu kwa upande ukilinganisha na mtungi. Kama imeinama hata kidogo, au kitasa kinazunguka kwa kukwama mahali ambapo zamani kilizunguka kwa wepesi, mtungi uliangukia kichwa. Usiujaze wala usiuzamie mpaka aonane nao mtu mwenye vifaa vya kuukagua.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi hufundisha vijana kuzamia kwenye bwawa la kuogelea hapa Arusha, vijana wanaotaka ajira za pwani. Mtungi wangu wa lita 12 ulijazwa Tanga mchana wa jua kali, nikahakikisha geji inasoma bar 200 mara tu ulipotolewa kwenye kompresa. Nilisafiri nao nyuma ya gari. Asubuhi ya siku ya pili hapa Arusha, kukiwa na baridi, geji ilisoma karibu 180. Sikusikia mlio wowote. Jamaa mmoja ananiambia ni mwinuko wa Arusha ndio unaosababisha, mwingine ananiambia niikaze valvu shingoni. Nimfuate nani? – Mwalimu wa kuogelea, Arusha.

JIBU: Ndugu Mwalimu, usimfuate hata mmoja, na huyo wa pili umwombe asiguse kabisa mitungi ya watu.

Mtungi unapojazwa hupata joto, na yeyote aliyewahi kuushika ukitoka kwenye kompresa anajua. Hewa ya moto iliyofungwa ndani ya chuma husukuma zaidi kuliko hewa ile ile ikiwa baridi. Tuseme hewa iliyokuwa ndani ya mtungi wako Tanga ilikuwa na nyuzijoto 45, na asubuhi ile Arusha ilikuwa na nyuzijoto 15. Hesabu yake hufanywa kwa nyuzi za Kelvin, ambazo ni 318 na 288, na kwa shinikizo kamili, ambalo ni lile la geji pamoja na bar moja ya anga: 201 mara 288, gawanya kwa 318, unapata kama 182, na geji itasoma 181. Hakuna hata pumzi moja iliyotoka. Kwa mtungi wa bar 200 kadiria kwamba kila nyuzi moja ya joto inayopungua huondoka na zaidi kidogo ya nusu bar, na hutashtuka tena kwenye asubuhi za Julai.

Kuhusu mwinuko, Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la anga huko ni pungufu kuliko la Tanga kwa kama bar 0.15. Geji inayopima hadi 300 haiwezi kuonyesha tofauti hiyo, na kama ingeonyesha, ingesoma zaidi badala ya kusoma pungufu, kwa sababu hupima tofauti kati ya hewa iliyomo ndani na anga iliyo nje. Mwinuko una kazi yake mahali pengine: anayezamia kwenye maziwa yaliyo juu ya mita 300, na Chala aliyoitaja mwenzako wa Majengo iko karibu na mita 880, anapaswa kutumia majedwali (orodha za kina na muda) ya kuzamia mwinukoni, si yale ya baharini.

Ili kujua kama kweli kuna mvujo, soma geji ya mtungi huo saa ile ile ya asubuhi siku mbili au tatu mfululizo, ukiwa umeuacha mahali pamoja pa kivuli. Ukiacha tofauti ndogo ya baridi, ikibaki pale pale, fundisha vijana wako kwa amani. Ikiendelea kushuka, funga valvu, ondoa regulata, uzamishe sehemu ya juu ndani ya pipa la maji. Viputo vikitoka kwenye mdomo wa valvu iliyofungwa, kiti cha ndani cha valvu kimechakaa, na wengine hujaribu kukitibu kwa kukifunga kwa nguvu zaidi mpaka wanakiharibu kabisa; kinabadilishwa kwa bei ndogo mtungi ukiwa mtupu.

Viputo vikitoka shingoni, hapo ndipo jambo kali nililoliahidi. Valvu haikazwi wala hailegezwi shingoni mtungi ukiwa na hewa, hata ikiwa ni bar 20. Pale napo kinachoziba ni oringi, wala si meno ya skrubu, hivyo kukaza hakuongezi kitu. Na kama meno yameliwa, au kama valvu hiyo si ya mtungi huo, mkono unaoizungusha unaweza kuirusha kama risasi. Ipo mitungi ya meno ya milimita 25 na ipo ya meno ya robo tatu inchi, zinazofanana kwa macho, na valvu ya kundi moja kuingizwa kwenye mtungi wa kundi lingine ni kosa lililokwisha kuua watu duniani. Fungua valvu kidogo, iache hewa itoke yote polepole kwenye uwazi, kisha umpelekee fundi mwenye sifa. Akiufungua, mwombe atazame pia ndani kama kuna kutu au maji. Desturi ya shughuli hii ni kuukagua mtungi ndani kila mwaka, na katika nchi nyingi, Marekani ikiwemo, mtungi hupimwa kwa shinikizo la maji kila baada ya miaka 5 na tarehe kupigwa mhuri begani. Isome tarehe hiyo kwenye mitungi yako leo.

Ninaongeza neno moja kuhusu safari. Zaidi ya kilomita 400 kutoka Tanga, na jua la Same likipiga nyuma ya gari, si safari ya mtungi ulioachwa ubiringike. Ulaze, uufunge kwa kamba usisogee, kitasa kikiwa kimekingwa, na uufunike usipigwe na jua moja kwa moja. Kwenye basi la abiria usiupakie ukiwa umejaa.

SWALI: Ndugu Mhariri, regulata yangu ni ya kuzungushwa kwa meno yake ikaingia ndani ya valvu, wanayoiita DIN, na inavuja kidogo. Mimi ni fundi bomba, hivyo nilizungushia meno yake utepe mweupe wa mabomba, mvujo ukapungua kwa siku mbili kisha ukarudi. Nikapaka grisi ya beringi za gari. Nimekosea? – Fundi, Moshi.

JIBU: Ndugu Fundi, kwenye bomba la maji ulilofunga maisha yako yote, meno ndiyo yanayoziba, na utepe huyasaidia. Kwenye DIN meno hayazibi chochote, yanashika tu. Anayeziba ni oringi iliyo kwenye ncha ya regulata, mbele ya meno, na inagusa sakafu ya tundu la valvu. Utepe ulipoonekana kusaidia, ulikuwa umeifanya regulata iwe ngumu kuzungusha na wewe ukasukuma zaidi, wala hukuwa umeziba njia yenyewe. Tena unene wa utepe unaweza kuizuia ncha isifike chini, jambo linaloiacha oringi ikielea kwenye upenyo ambao mwisho wake ni kuchomoka.

Grisi ya gari iondoe leo. Grisi itokanayo na mafuta ya petroli haitakiwi mahali ambapo hewa ya bar 200 inaingia kwa kasi, na kama siku moja mtu atajaza mtungi wako hewa iliyoongezwa oksijeni, grisi hiyo inaweza kuwaka moto. Kwa hewa ya kawaida mafundi wa kuzamia hutumia grisi ya silikoni, na hata hiyo ni kidogo sana, ukungu tu juu ya mpira. Oringi inayokaa bila kuzunguka haihitaji hata hiyo, na grisi nyingi hukusanya vumbi letu la hapa kama ulimbo.

Badilisha oringi, nyingi za DIN ni namba 112, yaani milimita 12.37 kwa 2.62, lakini nayo uipime kwanza. Angalia pia kama regulata yako na valvu vinalingana: DIN ya bar 232 ina meno 5 na ya bar 300 ina meno 7. Regulata fupi haifiki chini ya valvu ndefu ya bar 300, na imeundwa hivyo makusudi ili isije ikafungwa kwenye shinikizo isiyoliweza. Kama ndivyo ilivyo kwako, umekuwa ukitafuta mvujo kwenye vitu viwili visivyopaswa kukutana.

Mwisho, ule utepe. Utoe wote kwa kijiti, kipande kwa kipande, huku ncha ya regulata ikielekea chini, kisha utazame kwa tochi kichujio kidogo cha chuma kilicho mdomoni mwake. Ukiona uzi mweupe umenasa pale, au kichujio kimegeuka kijivu cha grisi au kijani cha kutu, usiifunge tena kwenye mtungi. Ifunike, uiweke kwenye mfuko, na uipeleke kwa fundi wa regulata ikiwa hivyo hivyo, pamoja na maelezo ya kila ulichokipaka, ili naye ajue mahali pa kutazama.